Je, Dhiki Hukuza Imani?

Upo msemo ambao mtu hawezi kukaa Kampala kwa muda mrefu asiusikie. Husemwa matangani, husemwa katika wodi za hospitali, na wahubiri wa vituo vya mabasi huupaza kila asubuhi: kwamba dhiki ni mwalimu, na kwamba Mungu humpitisha mja wake katika taabu ili amkuze kiroho. Msemo huu aghalabu hutolewa kwa nia njema, na anayeambiwa huitikia "Amina" ijapokuwa machozi bado yanamtoka. Lakini sisi tulio walimu, ambao kazi yetu ya kila siku ni kupima nani ameelewa na nani hakuelewa, hatuna budi kuuchunguza. Ikiwa kweli dhiki ni mwalimu, mbona wanafunzi wake hutofautiana sana? Mbona mmoja hutoka darasani mwake akiwa mpole na mwenye huruma, na mwenziwe hutoka na moyo mgumu kama jiwe la kusagia, ilhali wote wawili wamepitia taabu ile ile?

Katika makala haya tumekusudia kulitafutia jibu swali hilo kwa kuitazama historia ya mji wetu na maisha ya watu wake. Hatuandiki kama wanazuoni wa dini. Twaandika kama walimu wa lugha ambao wengi wetu ni Wakristo, na ambao tumekaa miaka mingi na wenzetu Waislamu katika vyumba vile vile vya walimu. Nao pia historia hii yawahusu, kwa maana kabla ya Mkristo yeyote kuuawa kwa ajili ya imani katika Buganda, walikuwapo Waislamu waliouawa mwaka 1876 kwa amri ya Kabaka Mutesa.

Yafaa tuanze kwa kukiri jambo ambalo wahubiri hulipita upesi. Dhiki huvunja watu. Tumewaona wazazi waliofiwa na mtoto wakaacha kusali, wala si kwa sababu walikuwa watu wabaya. Tumewaona wenzetu walioanza kazi wakiwa na moyo mweupe, na baada ya miaka ya njaa na madeni wakawa watu wa kinyongo na husuda. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Yeye asiyelala na kaburi hilo asiharakishe kueleza faida zake. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba za kwanza, walipoketi naye chini pasipo kusema neno. Walikosea pale walipofungua vinywa vyao na kuanza kumweleza sababu ya mateso yake. Na mwisho wa habari ni wao waliokemewa na Mungu na kuambiwa kuwa hawakunena sawa.

Mtume Paulo naye, katika sura ya tano ya waraka wake kwa Warumi, hakufundisha kwamba dhiki humfikisha mtu kwenye tumaini kwa hatua moja. Alipanga ngazi. Kutoka katika dhiki mtu hupanda kwenye saburi, kutoka saburi hupanda kwenye moyo uliokwisha kupimwa, na ndipo alifikie tumaini. Anayetuambia kwamba dhiki peke yake yatosha, ameviruka vidato viwili vya katikati. Vidato hivyo viwili ndivyo tunavyotaka kuvizungumzia, kwa sababu ndivyo ambavyo mwanadamu huweka mguu wake mwenyewe.

Kila mwaka, ifikapo tarehe 3 Juni, barabara zinazoelekea Namugongo hujaa mahujaji. Wengine hutembea kwa miguu siku nyingi kutoka pembe za mbali za Uganda, na wengine huvuka mipaka kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo. Wanakwenda kuwakumbuka vijana waliochomwa moto mahali pale mwaka 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, Karoli Lwanga na wenzake. Wakatoliki ishirini na wawili miongoni mwa mashahidi wa miaka ile walitangazwa kuwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana nao huwaadhimisha wao waliokufa katika mateso hayo hayo.

Tunapoisimulia habari hii darasani, hupenda kuanza na moto. Twadhani tunakosea. Habari yenyewe huanza miaka kadha kabla ya moto, na huanza na kitabu. Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti walifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa mwaka 1877, na mapadre wa Kikatoliki wakawafuata mwaka 1879. Wakati huo Biblia ya Kiganda haikuwapo. Alexander Mackay, fundi na mwalimu aliyekaa Natete, aliwafundisha vijana wa ikulu kwa Kiswahili, akitumia sehemu za Maandiko zilizotafsiriwa Unguja chini ya Askofu Edward Steere. Waongofu wale waliitwa wasomaji, na hata leo katika Kiganda neno okusoma lina maana mbili: kusoma kitabu, na kwenda kusali. Kwa vijana wale mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Walisoma usiku baada ya kazi za ikulu, aliyejua herufi kumi akamfundisha aliyejua tano, na karatasi moja ikapita mikono mingi.

Dhiki ilipokuja, ilikuta kazi hiyo imekwisha kufanyika. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa Busega, karibu na Natete. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Yosefu Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa, baada ya kumwonya Kabaka kuhusu kuuawa kwa Askofu James Hannington. Karoli Lwanga alipoona kwamba zamu yao inakaribia, aliwabatiza wenzake kadha usiku mmoja mwishoni mwa Mei 1886, na kijana Kizito alikuwa mmoja wao. Hatuoni hapa watu waliokuzwa na moto. Twaona watu waliokwisha kukua kidogo kidogo, kwa masomo na kwa kuchukuliana, na moto ukadhihirisha kimo walichokuwa wamefikia. Sisi walimu twaijua tofauti hiyo. Mtihani haumfundishi mtoto hesabu. Humwonyesha, yeye na wengine, ni hesabu gani alizozifahamu.

Mwenye kupinga atasema kwamba mateso ya Namugongo yalilikuza Kanisa zima la Uganda. Ni kweli kwamba idadi ya wasomaji iliongezeka sana baadaye. Lakini haikutimia miaka sita tangu moto ule, na tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda wakapigana kwa bunduki chini ya kilima cha Mengo, Kapteni Lugard akiwasaidia Waprotestanti kutoka ngome yake ya Kampala kwa bunduki ya Maxim. Kanisa la Rubaga liliteketea. Waliopigana siku ile, wengi wao walikuwa wasomaji wa miaka ile ile ya mateso. Walikuwa wamejificha pamoja, wamewalilia wafu wale wale. Hapa pana somo ambalo yatupasa tulikubali hata likituuma. Dhiki ile ile iliyowapa wengine ujasiri wa kufa kwa ajili ya imani haikuwazuia wengine kuua kwa ajili ya chama. Mtu aliyeteswa hapati kwa kuteswa tu kinga ya kutotesa wengine.

Ikiwa ni hivyo, basi ukuaji wa kiroho hutoka wapi? Twaweza kujifunza kitu kwa wale walioitwa Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church, aliyefanya kazi Gahini katika Rwanda, walikaa pamoja wakasoma Maandiko na kuomba. Katika miaka ya 1930 uamsho ukaenea Rwanda, Uganda, na baadaye Kenya na Tanganyika. Watu hawa hawakungoja misiba mikubwa. Jambo walilolisisitiza lilikuwa la kila siku: kutubu mbele ya ndugu, kurudisha ng'ombe aliyeibwa au fedha za ofisi zilizokwenda mfukoni, kumwendea jirani uliyemchukia na kumtaka radhi. Walikuwa na kasoro zao. Baadhi yao waliwadharau Wakristo wengine, na palitokea mafarakano makali. Hata hivyo walielewa kwamba moyo, kama shamba, husafishwa kila msimu, na kwamba magugu hayangoji.

Katika uamsho huo, mwaka 1948, aliingia mwalimu kijana wa shule ya msingi kutoka nchi ya Waacholi, jina lake Janani Luwum. Baadaye alikuwa kasisi, kisha askofu, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu mwenye makao Namirembe. Ulikuwa mwaka wa nne wa utawala wa Idi Amin, na watu walikuwa wakitoweka. Luwum alizoea kwenda mwenyewe katika ofisi za serikali kuwaulizia waliokamatwa, kazi ambayo haikumletea sifa kwa mtu yeyote mwenye bunduki. Usiku wa tarehe 5 Februari 1977 askari waliingia nyumbani kwake kutafuta silaha, wasipate kitu. Siku chache baadaye maaskofu walimwandikia Rais barua, wakaitia sahihi kwa majina yao, wakilalamikia mauaji na uporaji uliokuwa ukitendwa na watu wa usalama. Tarehe 16 Februari Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari; lakini walioiona maiti ya Askofu Mkuu ilipofikishwa kwao Mucwini walisema ina majeraha ya risasi. Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa karibu na lile la Hannington, na jeneza halikuja. Waumini walikusanyika kando ya shimo lililo wazi, na Erica Sabiti, Askofu Mkuu mstaafu, akawakumbusha lile kaburi tupu la asubuhi ya Pasaka.

Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa katika Uganda. Twaomba wasomaji wetu waione ile barua pamoja na kile kifo. Wapo wanaowahubiria maskini saburi kana kwamba saburi maana yake ni kunyamaza. Luwum alikuwa na saburi, naye aliandika. Kumwambia mtu aliyedhulumiwa kwamba dhuluma hiyo ni darasa lake la kiroho, na huku tunamwacha mdhalimu aendelee, ni kumtumia Mungu kama pazia. Mkristo huweza kuyachukua mateso yake mwenyewe kwa uvumilivu. Hana ruhusa ya kuyavumilia kwa wepesi mateso ya mwenzake.

Yupo na mwingine wa wakati huo ambaye ushuhuda wake twauona kuwa wa thamani kubwa zaidi kwa watu wa kawaida kama sisi, kwa sababu yeye hakuuawa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye zamani alipata kuwa mwalimu Dodoma, alivuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe akaingia Rwanda. Akiwa uhamishoni aliona kwamba uchungu umeanza kumganda moyoni, na kwamba chuki yake kwa Amin inaukausha moyo wa sala. Alikiri hivyo waziwazi, akatubu, na mwaka 1977 akatoa kitabu ambacho jina lake, tukiliweka kwa Kiswahili, lasema kuwa anampenda Idi Amin. Wengi walikasirika. Sisi hatudhani kwamba alikuwa akimpamba dikteta, kwa kuwa hakuacha kuyasema maovu ya utawala ule. Alikuwa amegundua kwamba dhiki, isipopaliliwa, humfinyanga mtu amfanane yule aliyemdhulumu. Hapo ndipo kilipo kidato cha pili cha ngazi ya Paulo, na Kivengere alikipanda kwa magoti.

Lakini mashahidi na maaskofu ni wachache. Wengi wetu dhiki yetu haina jina katika kitabu cha historia. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, maduka yaligawiwa kwa askari na wapendwa wa serikali, na punde sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya kutafutwa kwa mlango wa nyuma. Wazee wa kazi yetu husimulia jinsi mshahara wa mwalimu ulivyokwisha kabla ya mwezi kuanza. Wengi walinunua kwa magendo, maana mtoto hawezi kula chakula kisicho chumvi mwaka mzima, na hatuoni kuwa ni haki kuwahukumu. Wanachokumbuka wazee hao ni jambo dogo kuliko hilo. Wanakumbuka nani alipopata kilo mbili za chumvi aliita majirani na kugawa kwa kijiko, na nani alizificha chini ya kitanda mpaka bei ilipopanda. Wote wawili walikwenda kanisani Jumapili. Dhiki ilikuwa moja. Kilichotofautiana kilikuwa kijiko.

Na sisi wa sasa tumepata mtihani wetu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Walimu wengi wa shule za watu binafsi walikaa bila mshahara. Wengine waliendesha bodaboda, wengine walifyatua matofali, wengine waliuza mboga kando ya barabara, na wapo ambao hawakurudi tena darasani. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa akipanga chumba kimoja katika bonde linalofurika kila mvua ikinyesha, aliuza nyanya asubuhi, na jioni akawakusanya watoto wa wapangaji wenziwe barazani akawasomesha bila malipo. Tulipomwuliza nguvu hiyo aliipata wapi, alishangaa. Alisema alikuwa amezoea. Kabla ya korona pia hakuweza kumwona mtoto amekaa bure. Tulitarajia atuambie kwamba dhiki imemfunza ukarimu, naye akatuonyesha kwamba ukarimu ulikuwapo, na dhiki haikufaulu kuuondoa.

Lipo jambo moja zaidi ambalo sisi walimu wa Kiswahili katika Kampala hatuwezi kulinyamazia. Lugha tunayoifundisha imebeba katika masikio ya watu wengi wa hapa kumbukumbu za dhiki yao. Magendo ni neno la Kiswahili. Mafuta mingi, jina walilopewa matajiri wapya wa enzi ya Amin, ni Kiswahili, ingawa sarufi yake yatuuma. Panda gari, amri waliyopewa raia walipokusanywa mitaani na kupakiwa katika malori mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni Kiswahili pia. Lugha hiyo ilitangazwa kuwa ya taifa kwa amri mwaka 1973, ikawekwa katika Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima. Sheria zaweza kuiingiza lugha katika ratiba. Haziwezi kuiingiza katika moyo.

Mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili wa sekondari alikuwa hafanyi kazi za nyumbani za Kiswahili, na za masomo mengine anafanya. Tulipomdadisi alisema kwamba jajja wake haruhusu lugha hiyo isomwe kwa sauti ndani ya nyumba. Tulikwenda kumwona bibi huyo. Alitupokea kwa heshima, akatutandikia mkeka, akatueleza kwa Kiganda kwamba mumewe aliambiwa panda gari siku moja alipokuwa akirudi kazini, naye hakumwona tena. Ni Mulokole wa siku nyingi. Alisema kila alfajiri huwaombea waliomchukua mumewe, na watoto wao, na wajukuu wao. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi niliwasamehe zamani. Masikio yangu ndiyo hayajasamehe."

Hatukuwa na la kujibu, na tunashukuru kwamba hatukulitafuta. Tulikaa naye, tukanywa chai, tukaenda zetu. Tulirudi mara kadha. Sasa mjukuu husomea uani, na bibi husikiliza kutoka mlangoni. Wahenga walituonya kwamba mwenye kovu tusidhani kapoa. Bibi yule ana kovu, hajapoa, na hata hivyo kila alfajiri anapanda kidato kimoja cha ngazi. Kama kuna mtu katika Kampala anayeweza kutufundisha maana ya kukua katika imani, twamweka yeye mbele yetu sote.

Tukirudi kwenye swali letu, jibu tunalolitoa ni hili. Dhiki haikuzi imani, kama vile ukame haukuzi mhogo. Mhogo hustahimili ukame kwa sababu ya mizizi iliyokwisha kushuka wakati udongo ulipokuwa laini. Yatupasa basi tuyafanye mambo madogo ya kushusha mizizi wakati bado tuna nafasi: kusoma, kusali, kutubu upesi, kugawa kwa kijiko, kumfundisha aliye nyuma yetu herufi tano tunazozijua. Na tunapomwona mwenzetu ndani ya moto, tusimweleze faida za moto. Tuketi naye chini kama rafiki za Ayubu katika zile siku saba. Na ikiwa moto huo umewashwa na mtu, tuandike barua, tuitie sahihi.